Jumatatu Tulipowapungia Mkono

Mimi na mume wangu Verne tuna miaka tisa katika mji mdogo kando ya Ziwa Chapala, na sikumbuki msimu wa baridi hata mmoja ambapo chumba chetu cha wageni kilikaa kitupu wiki mbili mfululizo. Kuanzia Novemba hadi Machi ndugu na marafiki zetu kutoka Saskatchewan, kwetu Kanada, walikuwa wakitushukia, wawili wakiondoka na wawili wakiingia, weupe kama unga, wamebeba masweta wasiyoyahitaji. Ratiba yao niliijua kwa moyo. Siku ya kwanza wanapumzika uani. Siku ya pili chemchemi za maji moto, ya tatu soko, ya nne mashua hadi kisiwani na samaki wa kukaanga. Jioni Verne anachoma nyama kibarazani, mimi nakamua ndimu za vinywaji, na wageni wanatuambia jinsi tulivyobahatika. Tulipenda kuambiwa hivyo. Nadhani nusu ya raha ya kuishi kule ilikuwa kuonwa tukiishi kule.

Na mimi nilikuwa na sifa yangu ya ziada. Pale kwenye klabu yetu sisi wageni tunaoishi kule, tunapocheza karata kila Jumanne na Alhamisi, ilijulikana kwamba Glenda ndiye anayejua Kihispania. Mtu akipata barua ya maji au umeme, ananiletea. Mkahawani naagizia meza nzima na kuwatania wahudumu. Ukweli niliujua peke yangu. Nilisoma mihula mitatu kwa mwalimu, nikaacha. Mtu akisema polepole kuhusu nyanya au hali ya hewa, namwelewa. Akisema haraka nashika neno moja katika matano, manne yaliyobaki nayajazia mwenyewe, kisha natabasamu na kusema ndiyo, ndiyo, vizuri sana. Watu wa kule wana adabu, hawamsahihishi mgeni, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunikamata. Verne, ambaye hajui zaidi ya salamu na kuomba bia, aliniamini kuliko wote. Alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu siku hizi hata ndoto anaota kwa Kihispania. Mimi ndani ya nyumba yangu nimekuwa mkimbizi."

Mwezi huo wa Februari wageni walikuwa wifi yangu Arlene na mumewe Duane. Arlene ni mtu wa kunyamaza na kutazama. Duane aliuza mashine za kilimo maisha yake yote, anajua kuongea na yeyote, na simu haimtoki mkononi kwa sababu kila anachokiona lazima akipige picha. Walifika Jumapili alasiri. Tulikuwa ndiyo kwanza tunashusha mizigo garini pale getini, Duane akiitania kaptula ya Verne, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alipovuka kuja kwetu.

Jirani huyo tulimwita doña Lala, kwa heshima ya kule, kama mumewe alivyoitwa don. Mume huyo, don Chava, alikuwa fundi wa kuezeka nyumba, na walikuwa na binti mmoja tu, Yaretzi, ambaye angetimiza miaka kumi na mitano mwezi wa Aprili. Kule miaka kumi na mitano ya binti ni sherehe inayokaribia harusi: gauni, keki ya ghorofa, bendi, mtaa mzima. Yaretzi alikuwa msichana mwembamba, mpole, na kila asubuhi akienda shule alinisalimia kwa jina langu, akilitamka kwa namna yake mpaka nikalipenda. Wiki zile mbili tatu sikuwa nimemwona. Sikujiuliza kwa nini.

Doña Lala aliwasalimia wageni mmoja mmoja, akanisogeza pembeni kidogo, akaanza kuzungumza, haraka, kwa sauti ya chini. Nilisikia "mtoto wangu." Nilisikia "kumi na mitano." Nilisikia "Guadalajara," na "Jumatatu," na "mapema." Nilisikia pia lile neno lao la kuomba mtu akusindikize, neno ambalo huwa kwenye kila kadi ya mwaliko. Nyuma yangu Duane na Arlene walikuwa wamenyamaza, wananisikiliza mimi, wakisubiri kuona maajabu yangu. Ningeweza kumwambia doña Lala arudie. Yalikuwa maneno mawili tu na nilikuwa nayajua. Badala yake nikamshika mikono yote miwili nikamwambia ndiyo, ndiyo, kwa furaha kubwa, hongera sana.

Alinitazama. Kuna kitu kilipita usoni mwake na mimi nikakiona, kisha nikakipuuza. Akanishukuru mara mbili, akavuka barabara kurudi kwake.

"Haya, tutafsirie, profesa," Duane akasema.

Nikawaambia kwamba binti yao anatimiza miaka kumi na mitano, kwamba kesho wanakwenda mjini kununua gauni, na kwamba tumealikwa sote kwenye sherehe. Nilisema bila kusita. Verne alishangaa kidogo, akasema alidhani sherehe ni Aprili. Nikamjibu kwamba wameisogeza mbele. Hata hilo nililibuni hapohapo, na mpaka naingia ndani nilikuwa nimekwisha kuliamini.

Kesho yake tuliondoka mapema ili tuwahi chemchemi za maji moto kabla mabasi ya watalii hayajafika. Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi, jua bado halijapanda. Verne alitoa gari nje, lile letu la viti saba, mimi nikafunga geti. Doña Lala na Yaretzi walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya nyumba yao. Msichana alikuwa amejifunika blanketi na kuegemeza kichwa begani kwa mama yake. Miguuni pao kulikuwa na begi. Gari lilipotoka, doña Lala alisimama, akaliokota begi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamwinua binti yake.

Mimi nikawapungia mkono. Arlene akawapungia. Verne akapiga honi mara mbili, kwa uchangamfu, na Duane akateremsha kioo akawapiga picha akisema gauni hilo lazima liwe la kifalme kama mtu anadamka saa hizi kwenda kulinunua. Tukacheka. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona doña Lala bado amesimama na begi mkononi. Nilifikiri wanasubiri basi.

Siku nne zilizofuata tulistarehe. Tulielea kwenye maji ya moto, tukala samaki, Duane akapata kofia ya majani na kuivaa mpaka mezani. Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa, na Arlene alipouliza nikasema wako mbioni na maandalizi. Alhamisi kwenye karata niliwasimulia wenzangu kuhusu mwaliko. Walinionea wivu kidogo, kwa sababu wengi wetu tumeishi pale miaka mingi bila kuingia nyumba ya mwenyeji hata moja, ukiacha ya mfanyakazi. Nikamnunulia Yaretzi bangili ya fedha, nikaomba ifungwe kwa karatasi ya kumetameta na utepe wa waridi.

Ijumaa asubuhi tuliamshwa na watu wakipanga viti barabarani. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya mlango wa doña Lala kulikuwa na tao la maua meupe na maputo meupe. Kufikia saa nne wakaja watu wa bendi, tarumbeta na lile baragumu kubwa la kuzungushwa mwilini, wakaanza kupiga. Nilisimama dirishani nimejaa fahari. Sikuwa nimekosea, nilijiambia. Hata tarehe imesogezwa kweli.

Tulivaa. Arlene alivaa gauni lake la njano, Duane shati la maua, na mkononi chupa ya pombe ya tekila aliyoinunua kwa ajili hiyo. Mimi nilitangulia, na zawadi yangu.

Watu walitupisha. Wazee wawili walinyanyuka kutupa viti vyao, na mwanamke mmoja akatuletea kahawa na mkate. Niliona kwamba hakuna anayecheka, lakini nikadhani ni asubuhi bado, sherehe itachangamka. Bendi ilipiga wimbo wa mwendo wa kuruka, na Duane, ambaye hajawahi kusikia muziki akatulia, akamnyanyua mkewe kitini akamzungusha mara mbili tatu mbele ya viti, kofia kichwani. Kisha akatoa simu kuwarekodi wapiga tarumbeta kwa karibu. Hakuna aliyemzuia. Watu walitazama chini. Mmoja wa wapiga tarumbeta alikuwa anapiga huku machozi yanamtiririka, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilidhani ni jasho.

Don Chava akatokea mlangoni. Nikamwendea, nikamkabidhi lile boksi la kumetameta, nikasema hongera. Alilitazama, akanitazama mimi, akasema asante, akaliweka chini ya kiti taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nyuma yake walitokea wanaume wanne. Walikuwa wamebeba jeneza jeupe.

Verne alivua kofia. Nilisikia kikombe cha Arlene kikigonga sahani. Duane alikuwa ametugeuzia mgongo, bado anarekodi, na bibi mmoja mfupi akanyoosha mkono akaushika mkono wake ulioshika simu, akaushusha polepole mpaka ukafika usawa wa paja, kisha akaendelea kuushikilia hivyo, kama anamshika mtoto.

Sikujua niende wapi. Nilitaka kutoka, lakini nyuma yetu watu walikuwa wamejaa. Ndipo msichana wa miaka kama ishirini na mitano akanijia. Alikuwa Nayeli, mtoto wa kaka yake doña Lala. Alikulia Texas, akaniambia kwa lugha yangu, kwa upole kabisa, kwamba jua ni kali, shangazi anaomba tukae kivulini.

Nikamuuliza imekuwaje. Akasema figo. Zilimsumbua tangu Desemba, na Jumapili hali ilibadilika.

"Shangazi anawashukuru kwa kuja," akasema. "Na ameniambia nikwambie usiwe na wasiwasi kuhusu ile Jumatatu. Walikaa nje tangu saa kumi na moja na nusu kama mlivyokubaliana, hakutaka kugonga akawaamsha wageni. Gari lilipopita anasema aliona limejaa. Anaelewa."

Gari la viti saba. Tulikuwa wanne.

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, walifikaje hospitali. Akasema don Chava alikuwa kazini mji mwingine, teksi ya mtaani ilikuwa mbovu, kwa hiyo walisubiri lori la binamu mpaka saa nne. Yaretzi aliingia hospitalini saa sita mchana. Alifariki Alhamisi, saa zilezile nilizokuwa najisifia mwaliko mbele ya meza ya karata.

Tuliwafuata hadi makaburini kwa sababu kuondoka kungekuwa vibaya zaidi. Bendi ilitangulia, kwani kule hata maziko hupigiwa bendi, na mimi nilitembea nyuma kabisa. Watu walinipa mwavuli wa jua. Mtu mmoja alinipa maji.

Nyumbani Arlene alijifungia chumbani akalia. Duane aliimwaga ile tekila kwenye sinki, chupa nzima, akakaa na kusema, "Kulikuwa na bendi. Mtu angejuaje? Kulikuwa na bendi." Alilisema mara nyingi siku ile. Alizifuta picha zote, na ile ya Jumatatu nilimwona akiitazama kwanza kwa muda mrefu. Sijui aliona nini.

Verne alisubiri mpaka tukabaki wawili kibarazani.

"Glenda," akasema, "yule mama Jumapili alikwambia nini hasa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwambia alisema sherehe, kwamba labda alichanganyikiwa na uchungu, kwamba Nayeli naye hakuwepo na hajui. Nilimsingizia mwanamke aliyekuwa ametoka kumzika mtoto wake mchana uleule. Verne aliitikia kwa kichwa. Aliniamini, na hilo ndilo lililoniumiza, lakini halikuniumiza vya kutosha kunifanya niseme kweli.

Wageni waliondoka siku tatu kabla ya wakati. Kwenye karata habari ilikuwa imekwisha kufika, na waliponiuliza niliisimulia kwa namna ambayo Duane ndiye aliyekuwa kichekesho chake: kofia, tekila, kucheza. Walitikisa vichwa. Mmoja akaniambia, pole, wageni wanaweza kukuaibisha kweli. Nikasema ni kweli.

Kule, baada ya mazishi, watu hukusanyika kusali jioni tisa katika nyumba ya msiba. Mimi sikwenda. Nilisema kichwa kinauma, kisha mgongo. Verne alikwenda zote. Alivaa shati jeupe, akavuka barabara, akasimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi. Mtu akimsemesha anaweka mkono kifuani na kutikisa kichwa, kuonyesha kwamba haelewi. Jioni ya nne wakamwekea kiti. Ya sita don Chava akakaa naye nje, wakanyamaza pamoja. Mume wangu asiyejua hata kuhesabu mpaka ishirini kwa lugha ile alikuwa amefanya jambo lote linalotakiwa, nami mwenye mihula mitatu nilikuwa nimejifungia nyumbani, nikimchungulia nyuma ya pazia.

Jioni ya tisa ilipopita, asubuhi yake nilivuka. Usiku nilikuwa nimejifunza sentensi zangu kama mtoto wa shule. Doña Lala alikuwa anakunja viti vya kukodi peke yake. Nilimwambia sikuelewa alichoniambia. Nilimwambia nilijifanya nimeelewa, kwa sababu wageni walikuwa wananitazama. Nilimwambia gari halikujaa. Makosa ya sarufi yalikuwa mengi, lakini maana haikupotea.

Aliweka kiti chini. Alikaa juu yake, akanionyesha kingine. Kisha akazungumza polepole, neno baada ya neno, na kila nilipokunja uso alirudia.

"Nilijua, jirani," akasema. "Ulisema hongera. Mtoto wangu anaumwa na wewe unasema hongera. Nilijua hujaelewa. Lakini ulisema ndiyo, na mimi nilikuwa nataka sana hiyo ndiyo. Nikaenda nayo nyumbani. Ningeweza kukurudia. Ningeweza kugonga. Niliona haya mbele ya wageni wako."

Nikamuuliza kama saa zile zingemwokoa. Nilikuwa nimelijua swali hilo kwa sentensi kamili kuliko mengine yote. Alisema daktari alimwambia hapana. Alisema hajui kama daktari alisema kweli au alimhurumia. Kisha akaniambia nisimuulize tena hilo, na nikamwahidi.

Mlangoni alinirudishia lile boksi la bangili, bado limefungwa. Hakulirudisha kwa hasira. Alisema tu kwamba si lake.

Siku hiyohiyo nilimwambia Verne yote. Hakufoka. Alinyanyuka, akatoka, akatembea hadi ziwani na kurudi, na alichosema aliporudi kilikuwa kwamba alipiga honi. "Mara mbili, Glenda. Niliwapigia honi." Alilala chumba cha wageni hadi mwisho wa mwezi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa tuliwaandikia watu wa Machi kwamba wasije. Nilimpigia simu Arlene nikamweleza ni nani hasa aliyetuingiza kwenye turubai lile, nikamwomba amwambie Duane. Alisema Duane haendi tena klabu yake ya Ijumaa na alidhani amezeeka ghafla. Kwenye karata nilisema pia. Wenzangu walitazama karata zao. Mmoja aliwahi kunifariji kwamba mtu yeyote angekosea, nikamwambia hapana, mtu yeyote angesema sijaelewa. Tangu hapo barua zao wanampelekea mtu mwingine.

Nimerudi kwa mwalimu. Naanza tena na watoto wadogo wa Kikanada na wastaafu wapya, na mkahawani nauliza mara mbili na tatu. Wale wanaonijua wanadhani akili inaanza kunitoka.

Don Chava na Verne wamekuwa watu wa kukaa pamoja. Mwishoni mwa Oktoba, familia zinapokwenda makaburini kusafisha na kupaka rangi kabla ya siku ya marehemu wao, don Chava alimpitia asubuhi na ndoo ya chokaa na brashi mbili. Verne alivaa viatu vyake vibovu wakaenda wawili, doña Lala akiwatangulia na maua ya rangi ya machungwa kikapuni. Alinisalimia kwa jina langu alipopita, kama anavyonisalimia kila siku. Mimi sikualikwa, na sikuomba kwenda.